Shangazi Anamjibu Mheshimiwa

Niliajiriwa kuwa mpiga taipu wa Mheshimiwa kwa sababu mbili: niliweza kupiga taipu bila kutazama vidole, na nilisifiwa kuwa mtu mnyamavu. Aliyenisifu alikuwa mwalimu wangu wa uhazili, ambaye hakuwahi kunisikia nikiongea na shangazi yangu.

Ilikuwa miaka ile ya shida. Vita vilikuwa vimekwisha, na sukari, sabuni na mafuta ya taa navyo vilikuwa vimekwisha. Nilikuwa nakaa Kigera, nimepanga chumba kwa mama mmoja wa kanisani, na kila asubuhi nilitembea hadi mjini Musoma, kwenye ofisi ya mbunge wetu. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja mwisho wa korido, na dirisha lake lilitazama ziwa. Mchana upepo wa ziwani ulipoanza, karatasi zote ziliruka, kwa hiyo tulizikandamiza kwa mawe niliyookota ufukweni. Kila karatasi na jiwe lake. Mgeni aliyeingia kwa mara ya kwanza alidhani mbunge ana ugomvi na mtu.

Kazi yangu kubwa ilikuwa barua ya kila wiki kwa wananchi. Hakuna aliyemlazimisha Mheshimiwa kuiandika. Kabla ya siasa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na aliamini kwamba mtu aliyechaguliwa na watu anapaswa kuwaandikia, kama mtoto wa bweni anavyowaandikia wazazi. Nusu ya juu ilikuwa ya siasa: Bunge limesema nini, chama kimeagiza nini, wananchi wanahimizwa nini. Nusu ya chini ilikuwa ya huduma: zahanati, barabara, duka la kijiji, maji. Mwisho kabisa palikuwa na kichwa kidogo, Maoni ya Wananchi. Maoni hayo aliyatunga mwenyewe, na kwa kawaida wananchi walikuwa wanashukuru.

Karatasi mpya hazikuwepo. Tulichapa nyuma ya fomu za zamani za ununuzi wa pamba, ambazo dereva wetu aliziokoa kwenye ghala moja kabla hazijaliwa na mchwa. Mzee mmoja wa Bunda aliwahi kuniambia kwamba yeye husoma pande zote mbili, na upande wa pamba anauamini zaidi.

Ijumaa nilikata stensili ya nta kwa taipu, halafu nikazungusha mkono wa mashine ya kudurufu mpaka bega likauma. Wino ulikuwa haba, tukauchanganya na mafuta ya taa, kama yapo. Jioni nilirudi Kigera na mikono myeusi, nikaisugua kwa majani ya mpapai kwa sababu sabuni ilikuwa hadithi. Jumamosi dereva alizipeleka barua sokoni, kwenye zahanati na makanisani, akakata kwenda Butiama, akaishia Bunda. Jumapili zilisomwa kanisani baada ya matangazo ya ndoa. Watu walikuwa wanasikiliza kwa adabu.

Mheshimiwa alikuwa mtu mrefu, mtanashati, mwenye suti ya Kaunda ya kijivu iliyopigwa pasi ya mkaa mpaka ikang'aa magotini. Alinitajia maneno ya kutaipu akiwa amesimama dirishani, mikono nyuma, kama anakitolea imla kisiwa cha Ukerewe. Jambo lolote kwake lilikuwa na maisha yake. Kwanza lilipokelewa. Halafu lilishughulikiwa. Halafu likaingia katika hatua za mwisho, na huko likatulia. Daraja moja nililolitaipu likiwa katika hatua za mwisho nilipoanza kazi, niliendelea kulitaipu hivyo mpaka nikaliota.

Sikuwa namcheka. Au nilimcheka kidogo, lakini nilimheshimu. Wabunge wengine tulikuwa tunawaona wakati wa uchaguzi tu, wa kwetu tulimpata kila Jumapili, hata tusipotaka.

Shangazi yangu alikuwa anakaa Nyasura, pale Bunda. Ni dada mkubwa wa baba, mjane, mwimbaji wa sauti ya pili kwaya ya kanisa, na hakujua kusoma. Hakuona hilo kuwa tatizo. Alikuwa anasema kwamba waliosoma wapo wengi, kila ukigeuka unawakuta, kwa nini ajisumbue. Maneno yake yalikuwa na makali, lakini aliyatoa kwa upole sana, na mtu aligundua amekatwa akiwa ameshafika nyumbani.

Jumatano moja Mheshimiwa alisimama dirishani akiwa na ripoti mkononi. "Andika," akasema. "Mradi wa bomba la Nyasura, Bunda, umekamilika, na wananchi sasa wanafurahia maji safi."

Vidole vyangu vilisimama. Nikamwambia, "Mheshimiwa, shangazi yangu anakaa Nyasura."

"Vizuri. Basi anafurahi."

"Nilikuwa kwake Jumapili. Alikuwa anachota bwawani, na ng'ombe."

Aliigeuza ripoti, akaitazama nyuma, kama maji yangekuwa huko. "Hii imetoka kwa wataalamu," akasema. "Labda ni mazoea. Mtu akizoea bwawa, si rahisi kuliacha. Andika."

Nikaandika. Kazi ilikuwa kazi, na mimi nilikuwa mnyamavu.

Yaliyotokea Jumapili nilikuja kuyasikia baadaye kwa watu wengi, na wote walikubaliana. Mwinjilisti wa Nyasura aliisoma barua vizuri mpaka alipofika kwenye maji safi. Pale akasita, akatazama mstari kama aliyeona nyoka, halafu akausoma kwa sauti ndogo. Mtu mmoja upande wa akina mama akakohoa, na kikohozi hicho kikageuka kicheko, na kicheko kikaenda mpaka kwa wazee wa kanisa. Sadaka ilichelewa. Baada ya ibada shangazi alimfuata mwinjilisti nje, akamwambia, "Mwalimu, chukua kalamu. Na sisi tuna taarifa."

Barua yake ilinifikia Alhamisi, imeletwa na lori la pamba, imefungwa ndani ya kitambaa pamoja na michembe, vile viazi vikavu alivyojua navipenda. Mwandiko ulikuwa wa mwinjilisti, lakini sauti ilikuwa ya shangazi tupu. Nimeihifadhi kichwani hadi leo.

"Taarifa ya wiki kutoka Nyasura. Kwa Mheshimiwa mbunge wetu. Sisi hatujambo. Tumesikia kanisani kwamba tunafurahia maji. Tunaomba utuambie tunayafurahia saa ngapi, ili tuwe tunakuwepo. Bomba lipo, limesimama vizuri, linafaa kufungia mbuzi. Ukilifungua linatoa upepo, na upepo huo ni safi. Jumanne alitoka mjusi. Mjusi huyo anashughulikiwa, yuko katika hatua za mwisho. Wananchi wa Nyasura wanamhimiza mbunge wao aje anywe."

Nilicheka mpaka mama mwenye nyumba akaja kuuliza kuna nini. Nilimsomea, akacheka naye, akaniomba nirudie pale pa mbuzi.

Mheshimiwa wakati huo alikuwa safarini, amekwenda bungeni. Aliniachia barua ya wiki kwa mkono wake, na kwa sababu ya haraka ilikuwa fupi. Chini aliandika kwa wino mwekundu: "Nafasi ikibaki usiiache tupu. Jaza Maoni ya Wananchi." Alikusudia nichukue shukrani za wiki iliyopita, nibadilishe kijiji. Nilikuwa nimeshafanya hivyo mara kadhaa.

Ijumaa niliweka stensili kwenye mashine. Anayejua stensili anajua kwamba huoni unachoandika, herufi zinakata nta tu, unasikia mlio. Nilifika kwenye Maoni ya Wananchi, nikasimama. Barua ya shangazi ilikuwa mezani, chini ya jiwe lake. Siwezi kusema niliamua. Nilianza na neno "Taarifa" nikijiambia nitaishia hapo, na nilipofika kwa mjusi nilikuwa naipiga ile mashine kama mtu anayetwanga. Nilizungusha nakala zote, nikazikabidhi kwa dereva, nikaenda nyumbani.

Jumatatu, nikipita sokoni kwenda kazini, mama mmoja muuza dagaa alimwambia mwenzake aliyefungua kapu tupu, "Usijali, upepo wake ni safi." Nikainamisha kichwa, nikaongeza mwendo. Kufika ofisini simu ilikuwa inalia. Ni mkubwa mmoja wa serikali, anauliza nani ameidhinisha barua ile. Nikamjibu kwamba Mheshimiwa mwenyewe aliagiza maoni ya wananchi yawekwe, na ninao mwandiko wake. Ilikuwa kweli, kwa namna yake. Mkubwa akashusha sauti, akauliza kama ni kweli kuhusu mjusi.

Wiki ile ile vikaratasi vikaanza kuja. Vililetwa na madereva, na wanafunzi, na mama mmoja aliyekuja mjini kupima mtoto kliniki. Zahanati fulani inatoa dawa moja kwa magonjwa yote. Duka fulani la kijiji limeletewa majembe bila mipini na chupi za wanaume saizi moja. Nilivipanga vyote mezani na mawe yakaniishia.

Mheshimiwa alirudi siku kumi baadaye. Aliingia, akavua kofia, akaniambia nifunge mlango. Barua ilikuwa mfukoni mwake, imekunjwa mara nne. Aliiweka mbele yangu.

"Soma."

Nikasoma. Alifumba macho. Nilipofika kwa mbuzi shavu lake lilicheza kidogo, na kwa mjusi likacheza tena, lakini hakufumbua macho mpaka mwisho.

"Nani ameandika?"

"Shangazi amesema, mwinjilisti ameandika, mimi nimetaipu."

"Mwinjilisti huyo nilimfundisha darasa la nne," akasema. Akachukua kalamu nyekundu, akaipitia barua mstari kwa mstari, akaweka alama ya mkato moja. "Insha nzuri. Hakuna hata kosa la upatanisho." Halafu akaiweka kalamu chini. "Wamecheka sana?"

"Wamecheka, Mheshimiwa."

"Ni mara hii tu, au walikuwa wanacheka na zamani?"

Hapo ningenyamaza, kama nilivyosifiwa. Lakini aliuliza kama mtu anayetaka kujua, si kama mbunge. Nikamwambia, "Walikuwaga wanacheka, Mheshimiwa. Ila walikuwa wanasubiri barua ikunjwe kwanza."

Alikwenda dirishani, akanipa mgongo. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu vitu vyangu vya kubeba: kikombe, sweta, kamusi. Ndipo akasema bila kugeuka, "Jumamosi tunakwenda Nyasura. Na wewe utakuja. Shangazi yako anaweza kunipiga."

Petroli ilipatikana kwa kibali, na Jumamosi tukaondoka na Landrova, dereva, Mheshimiwa na mimi, na barua za wiki kwenye mapaja yangu. Makutano tukakata kulia kwa barabara ya vumbi hadi Butiama kuziacha za huko. Tulisimama Mwitongo, kwenye boma moja ambapo mama mtu mzima alikuwa anabangua karanga nje ya nyumba yake. Alimsalimia Mheshimiwa kwa heshima zote, akamuuliza habari za bungeni, za safari, za nyumbani, za watoto. Alipomaliza, akachukua karanga nyingine, akauliza, "Na yule mjusi, alipona?"

"Ndiyo ninakwenda kumwangalia, mama," Mheshimiwa akasema.

Tulirudi barabara kuu. Tukaendelea hadi Bunda.

Shangazi hakuwa ameamini kwamba Mheshimiwa atakuja. Hata hivyo alikuwa amevaa khanga za kanisani, na uwanja umefagiwa, na kiti chenye mikono kimeazimwa kwa jirani. Alikuwa mkubwa kwa Mheshimiwa kwa miaka mingi, na Mheshimiwa alitangulia kumwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Umetembea mbali." Alimkalisha, akaingia ndani, akatoka na sinia. Juu ya sinia kulikuwa na kitambaa alichokidarizi mwenyewe, na juu ya kitambaa glasi moja, imeoshwa, haina kitu. Akapiga goti kama inavyotakiwa, akamwinulia. "Karibu maji, Mheshimiwa. Hiyo bomba iko pale. Uende mwenyewe, uchague unayotaka."

Watu walikuwa wameshajaa. Mheshimiwa aliichukua glasi kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda. Mwenye mbuzi alimfungua mbuzi wake haraka haraka. Mheshimiwa akafungua koki. Bomba lilikohoa, likavuta pumzi, likatoa mluzi mrefu mwembamba, likanyamaza. Yeye aliendelea kusimama, glasi ameikinga, kwa muda ambao kwaya ingemaliza wimbo wa beti nne. Hakuna aliyecheka. Nadhani kila mtu alikuwa amejiandaa kucheka, na alivyosimama vile wakashindwa.

Kisha akafunga koki, akamrudishia shangazi glasi. "Bwawa liko wapi, mama?"

Alivua koti, akapewa ndoo. Bwawa halikuwa karibu. Wakati wa kurudi alikataa kusaidiwa, akaibeba ndoo kwa mkono, na kwa kuwa hakuizoea ilimpiga mguuni kila hatua na maji yakaingia kwenye viatu. Mama mmoja nyuma yetu akasema taratibu, "Pole, Mheshimiwa. Hayo yanayomwagika ndiyo hatua za mwisho." Safari hii walicheka wote, na yeye akacheka, na ndoo ikamwagika zaidi.

Baada ya hapo alitaka kuona mtambo wa kusukuma maji. Mlinzi wa mtambo alitufungulia kibanda. Sijapata kuona injini iliyotunzwa vile. Ilikuwa inang'aa, imefunikwa kwa gunia safi. Ilikosa kitu kimoja tu, mkanda. Mlinzi alieleza kwamba ulikatika siku ya majaribio, wakubwa wakiwa wameshaondoka na picha wameshapiga.

"Na hukutoa taarifa?" Mheshimiwa akamuuliza, na sauti ya ualimu ikamrudia.

"Nilitoa."

"Kwa nani?"

Mlinzi alitazama chini. "Kwako, Mheshimiwa. Niliandika, nikampa dereva."

Mheshimiwa akageuka kwa dereva, dereva akanitazama mimi. Niliikumbuka. Ilikuwa karatasi ya daftari la mraba, mwandiko mkubwa, wino wa bluu. Niliipokea miezi mitatu nyuma. Niliitoboa vizuri, nikaiweka kwenye faili lililoandikwa "Yanayoshughulikiwa," nikalirudisha kabatini, nikaenda kula. Wakati naitaipu barua ya shangazi, ile nyingine ilikuwa nyuma yangu kwa hatua mbili.

Nilimwambia Mheshimiwa garini wakati wa kurudi. Nilidhani atakasirika, na ningemwelewa. Alikuwa amevua viatu, soksi zinakauka kwenye dashibodi. Akasema, "Basi tupo wawili." Baada ya maili kadhaa akaongeza, "Usimwambie shangazi yako. Mmoja anatosha."

Jumatano iliyofuata alisimama dirishani kama kawaida, akasema, "Andika. Nilisema kwamba bomba la Nyasura linatoa maji. Si kweli. Sikwenda kuangalia."

"Niandike 'si kweli,' Mheshimiwa, au 'taarifa haikuwa sahihi'?"

Akafikiri. "Si kweli. Ni fupi. Tunabana stensili."

Mkanda ulitafutwa mwaka mzima na zaidi. Tuliandika kila mahali, na kila mahali wakatujibu kwa lugha ambayo Mheshimiwa aliitambua vizuri sana. Alikuwa anasoma majibu yale kwa sauti, anafika kwenye "linashughulikiwa," ananitazama. Kwenye barua ya wiki sasa palikuwa na mstari mmoja usiobadilika: "Nyasura: bado." Mwinjilisti akifika pale, kanisa zima lilikuwa linaitikia naye.

Halafu mambo yakalegezwa. Ikawa ruksa kuleta vitu na kuuza, na Musoma ikabadilika kama mgonjwa aliyepata uji. Sabuni ikaonekana, kisha khanga, kisha mitumba ikamwagwa chini kwenye maturubali, na vijana wa Kigera wakaanza kutembea na makoti ya baridi ya nchi za watu kwenye jua la saa saba. Mfanyabiashara mmoja wa mjini akafungua mlango wa duka lake ambao kwa miaka ulifunguliwa nusu tu. Ndani, kwenye misumari ukutani, ilining'inia mikanda ya mashine ya kila urefu.

Tatizo ni kwamba mtu huyu tulikuwa tumemwandika. Miaka ya nyuma, walanguzi walipokuwa wanasakwa, barua ya wiki ilikuwa na aya kali kuhusu "mlanguzi mmoja anayenyonya wananchi wa mji huu," na niliitaipu mimi. Mheshimiwa alizunguka duka lile siku tatu kabla ya kuingia. Nilimsindikiza nikiwa na kipimo cha mkanda kwenye uzi.

Mfanyabiashara alitukaribisha, akatuletea soda. Akasema kwa unyenyekevu, "Mheshimiwa, wewe uliniandikaga."

"Niliandika mlanguzi mmoja. Sikutaja jina."

"Mjini tulikuwa wawili tu, na mwenzangu alikuwa ameshafungwa."

Mheshimiwa alikunywa soda. Mfanyabiashara akaupima uzi wangu, akashusha mkanda mmoja, akauweka mezani, akaacha mkono juu yake. "Kuna neno la heshima siku hizi linatumika kwa watu kama sisi," akasema. "Nimelisikia redioni."

Wiki ile nilitaipu "mfanyabiashara mzalendo wa Musoma." Alituma mtu kuchukua nakala, akaitia kwenye fremu, akaitundika palepale kwenye msumari ulioachwa na mkanda.

Maji yalitoka Nyasura siku ya Alhamisi asubuhi. Sikuwepo, lakini taarifa ilikuja Ijumaa, na michembe: "Taarifa ya wiki kutoka Nyasura. Maji yametoka. Yana rangi ya chai, na sukari hatuna. Wazee wanasema ni kutu, itaisha. Mbuzi hana pa kufungwa. Wananchi wanashukuru." Mheshimiwa aliisoma mara mbili, akasema hayo ya mwisho ndiyo shukrani za kwanza kwenye Maoni ya Wananchi ambazo hakuzitunga yeye. Hakuweka alama yoyote ya wino mwekundu.

Bomba lilifanya kazi, likaharibika, likatengenezwa, kama mabomba yote. Barua iliendelea mpaka uchaguzi. Siku hizo wagombea walikuwa wawili wa chama kimoja, na kila mmoja alipewa alama, huyu jembe, yule nyumba. Mheshimiwa alipata nyumba. Mpinzani wake alikuwa kijana wa mjini mwenye sauti nzuri, ambaye hakuwahi kumwandikia mtu barua, akapata jembe, na akashinda. Mheshimiwa alisema ni jembe lililomshinda, mkulima hawezi kulikataa jembe. Nilimuuliza shangazi alimpigia nani. Akanijibu, "Nilipigia nyumba. Yule tulikuwa tumeshamzoea, na alikuwa ameanza kujifunza."

Mimi nilipata kazi ya ukarani katika shule moja ya sekondari ya kanisa, ambako karatasi zilikuwa nyeupe pande zote mbili. Miezi michache baada ya uchaguzi nilikwenda Nyasura kusalimia, nikaingia kanisani, na kwenye benchi la nyuma nikamkuta Mheshimiwa na suti yake ya kijivu. Alisema alikuwa anapita. Matangazo ya ndoa yalisomwa, yakaisha, na mwinjilisti akabaki amesimama na mikono mitupu, kwa sababu mbunge mpya hakuwa mtu wa barua. Watu walianza kugeuka nyuma mmoja mmoja. Mwinjilisti akamwomba mwalimu wake wa darasa la nne aseme neno.

Mheshimiwa alisimama, akashika ukosi wa koti lake. "Sina taarifa," akasema, akakaa.

Baada ya ibada shangazi alimchukua kwenda nyumbani kwake bila kumuuliza. Tulikula ugali wa udaga, unga wa muhogo mkavu, kwa samaki wa sato, sisi watatu, nje, mlangoni. Mheshimiwa aliulizia bei ya pamba, akaulizia mguu wa shangazi uliokuwa unamsumbua, na mimi akaniuliza kama nimepata mchumba, na shangazi akamjibu kwa niaba yangu kwa muda mrefu sana. Alikula vizuri. Alipoondoka alitembea hadi kituo cha basi kwa miguu, na shangazi akamsindikiza nusu ya njia, wakibishana.